Wageni Wakiondoka, Stoo Inafungwa

Shule niliyosoma sekondari, kando ya barabara ya Masaka, ilikuwa na hadubini 12. Naijua idadi kwa sababu tulizihesabu kila zilipotolewa na kila ziliporudishwa, na hilo halikutokea mara nyingi. Zilikuwa zawadi ya shule rafiki ya Ulaya, pamoja na kompyuta zilizokwisha tumika huko. Zilikaa stoo, ufunguo ukakaa kwa mkuu wa shule. Siku wageni walipokuja tulivalishwa makoti meupe tukapangwa mezani. Mwalimu mmoja mgeni akainama kando yangu akaniuliza ninaona nini. Nilikuwa naziona kope zangu mwenyewe. Nikamjibu kwamba naona seli za kitunguu, maana asubuhi tulikuwa tumeambiwa kwamba ni kitunguu. Akafurahi. Tukapigwa picha.

Msomaji mwenzangu atauliza mwanafunzi wa Kiswahili anatafuta nini maabara. Nilitaka uhandisi. Waya wa ukinzani niliushika kwa mara ya kwanza wiki mbili kabla ya mtihani wa taifa, shule ilipokimbilia mjini kununua vifaa vya karatasi ya vitendo. Hakuna aliyenionyesha alama za kila karatasi, lakini nilipotoka chumbani nilikuwa nimeshajua. Kiswahili nimekuja kukipenda baadaye, na wahadhiri wangu wanisamehe kwa ukweli huo. Isitoshe, tangu Julai 2022 serikali yetu imempandishia mwalimu wa sayansi mwenye shahada mshahara hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, sisi wa lugha na historia tukabaki nyuma sana. Waya ule una bei, na nikiajiriwa nitailipa kila mwezi mpaka nistaafu.

Kwa hiyo ninaposoma sifa zinazomiminiwa ushirikiano wa shule za kimataifa, kwamba utainua ufundishaji wa sayansi na teknolojia Afrika, siwezi kunyamaza. Sipingi ushirikiano. Napinga ule ambao upande mmoja unatoa na mwingine unashukuru. Anayeshukuru hawezi kusema "sioni kitu". Na sayansi huanza pale mtu anaposema kwamba haoni kitu.

Mfano ulio wazi zaidi nilioushuhudia ni wa Kayabwe. Wageni walewale walipelekwa kwenye mstari wa ikweta, nasi wachache tukapakiwa nao kwenye basi. Pale kuna mabeseni matatu: moja kusini mwa mstari, moja kaskazini, moja katikati. Maji yakimiminwa kusini huzunguka upande mmoja yakishuka tunduni, kaskazini huzunguka upande mwingine, katikati hushuka moja kwa moja. Watu hupiga makofi. Ni kiini macho. Mzunguko wa dunia kweli hugeuza pepo kuu na vimbunga, lakini katika beseni lililo hatua chache kutoka ikweta nguvu yake ni ndogo mno isiweze kuonekana. Maji hufuata namna mkono ulivyoyamimina. Mwalimu wetu wa fizikia alikuwapo. Alijua. Alipiga makofi.

Miaka mitatu baadaye nilikutana naye kituo cha mabasi nikamkumbusha.

"Mwalimu, kwa nini siku ile hukutuambia?"

Alicheka kidogo. "Mwanangu, mwaka ule walikuwa wametuahidi tangi la maji."

Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo simlaumu. Tangi lilikuja na linatumika. Lakini tazama tulichofundishwa siku ile, walimu wawili wa sayansi kutoka mabara mawili wakiwa wamesimama mbele yetu: kwamba kuna wakati jambo la uongo lisiulizwe, kwa heshima ya mgeni.

Nilipomsimulia rafiki yangu mmoja wa darasani alinijibu kwamba tatizo lilikuwa mkuu wa shule na ufunguo wake. Vifaa vikifika mikononi mwa watoto, mambo hubadilika. Nchini Peru vilifika. Serikali ya huko iliwagawia wanafunzi laki kadhaa kompyuta ndogo za mpango wa One Laptop per Child. Mwaka 2012 Benki ya Maendeleo ya Bara la Amerika ikatoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika shule 319 za vijijini. Kompyuta zilikuwapo na watoto walizitumia. Katika hisabati na lugha hawakuonekana kuwapita wenzao wasiopewa. Ufundishaji wenyewe haukuwa umebadilika.

Sasa nije kwetu, maana mfano wa ushirikiano wa namna nyingine tunao, na nashangaa jinsi tunavyousahau. Mwaka 1998 Kenya ilianza, kwa msaada wa Japani, mradi wa SMASSE wa kuimarisha hisabati na sayansi katika shule za sekondari. Japani ilitoa fedha na wataalamu, sitaki kuficha hilo. Lakini mradi ulianza na mwalimu aliye kazini, na makontena ya vifaa hayakuwa ndiyo shabaha yake. Alifundishwa kulijenga somo juu ya shughuli, mwanafunzi, jaribio, na ubunifu wa vifaa kutokana na vilivyopo. Kisha apange, atende, atazame, aboreshe. Mwaka 2001 nchi nyingine za Afrika zikaunganishwa na Kenya katika mtandao mmoja, na mwaka 2005 Uganda ikaanzisha mradi wake, SESEMAT, walimu wetu wakienda Nairobi kujifunza kwa walimu wa Kenya.

Neno ninalolipenda humo ni hilo la tatu, "atazame". Mwalimu anafundisha, wenzake wamekaa nyuma ya darasa, na baada ya kipindi wanamwambia palipoharibika. Mkenya anaweza kumwambia Mganda kwamba jaribio lako halikuonyesha chochote, na Mganda akamrudishia vivyo hivyo kesho yake, kwa kuwa hakuna kati yao anayengoja tangi kutoka kwa mwenzake. Kasoro zipo. Ubunifu wa vifaa umegeuka kisingizio kwa wakubwa: mwalimu hukatiwa chupa za plastiki mwaka hadi mwaka huku bajeti ya maabara ikiliwa na mambo mengine. Ammeta haitengenezwi kwa chupa. Lazima inunuliwe, na wa kuinunua ni serikali yetu. Hata hivyo, ningepewa nichague kati ya hadubini zetu 12 na mwalimu mmoja aliyezoea kukosolewa na jirani yake, nisingefikiri mara mbili.

Na hapa ndipo sisi wa Kiswahili tunapoingia. Julai 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule zetu za msingi na sekondari, nasi tukashangilia kama watu waliopata ajira. Je, tutakifundishia ngeli na methali tu? Tanzania mtoto wa shule ya msingi husoma sayansi kwa Kiswahili. Msuguano, sumaku, mvuke na usanisinuru kwake ni maneno ya darasani. Shule ya Mpigi na shule ya Dar es Salaam zinaweza kuandikiana kuhusu sayansi bila kusubiri mgeni wa kuziunganisha.

Napendekeza jaribio la kuanzia. Tarehe 20 au 21 Machi, kutegemea mwaka, jua hupita juu ya ikweta. Simamisha fimbo ya mita 1 Kayabwe, hatua chache tu kutoka kwenye yale mabeseni: karibu saa saba mchana kivuli chake kitatoweka. Siku hiyohiyo wenzetu wa Dar es Salaam wasimamishe yao. Kwao kivuli kifupi kabisa kitatokea saa sita na nusu hivi, nacho kitakuwa na urefu wa sentimita 12 au karibu na hapo. Urefu huo unatoa pembe ya nyuzi 6.8, yaani sehemu moja ya 53 ya duara. Umbali wa kaskazini hadi kusini kati ya sehemu hizo mbili ni kama kilomita 755. Zidisha kwa 53 upate mzingo wa dunia, kilomita 40,000. Eratosthenes alitumia njia hiyo Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, kwenye mto uleule unaotoka kwetu Jinja. Shule ya Ulaya ikitaka kujiunga ije na fimbo yake, na itatuhitaji, kwa kuwa wao ikweta hawana.

Namba za Dar es Salaam zikikataa kukubaliana na zetu, mmoja wetu atakuwa amekosea, na itabidi tuambiane. Barua ya kwanza nimeshaiandika, kwa Kiswahili, kwa mwanafunzi mwenzangu anayesomea ualimu huko. Amejibu kwamba fimbo anayo, ila ananiuliza nitajuaje kama yangu imesimama wima. Sikuwa nimelifikiria hilo. Natafuta uzi na jiwe.