Kabla ya Kununua Tyubu Mpya, Toa Mwiba

Muhula uliopita nilikosa tesiti kwa sababu ya mwiba. Siyo malaria, siyo ada, siyo mvua. Mwiba wa mgunga, mfupi kuliko punje ya mchele, uliokuwa umejificha ndani ya tairi la nyuma la baiskeli yangu.

Wenzangu mnaokaa mageto ya mbali mnaijua habari hii. Unatoka asubuhi na daftari mkononi, unakuta tairi limekaa chini kama chapati. Ndani ya wiki mbili nilinunua tyubu mpya mbili, kila moja shilingi 6,000, na zote ziliisha upepo baada ya siku chache. Ya pili ilinifia njiani siku ya tesiti. Nilisukuma baiskeli, nikafika jasho linanitoka, nikakuta karatasi zinakusanywa. Nikamlaumu mwenye duka. Nikasema tyubu za siku hizi ni feki. Nikalaumu na barabara. Aliyebaki bila kulaumiwa ni mimi peke yangu.

Likizo ilipofika nikaipakia baiskeli kwenye basi, nikaenda nayo nyumbani Mamba, kule kwetu Mpimbwe, mkoani Katavi. Kwetu baiskeli si chombo cha mazoezi. Inabeba gunia la mpunga, inabeba madumu ya maji, siku nyingine inabeba mgonjwa. Kwa hiyo fundi baiskeli ni mtu wa kutegemewa, na wa kwetu anakaa chini ya mwembe, ana beseni, pampu na boksi la mbao.

"Shikamoo mzee. Naomba uniwekee tyubu mpya."

"Marahaba, mwanangu. Hii iliyomo ina nini?"

"Imetoboka."

"Imetoboka wapi?"

Nikanyamaza. Tyubu mbili, shilingi 12,000, tesiti moja, na sikuwahi kutazama tundu liko wapi.

Mzee hakunicheka. Alilegeza tairi upande mmoja, akaitoa tyubu, akaijaza upepo na kuipitisha ndani ya beseni la maji, kipande kwa kipande, akiikunja kidogo ili tundu lifunguke. Vipovu vikapanda mfululizo. Akaweka alama kwa kalamu. Kisha akafanya jambo ambalo mimi sikuwahi kulifanya: kabla hajagusa kiraka, aliilaza tyubu juu ya tairi, valvu ikielekea pale inapokaa siku zote, akatazama alama imeangukia wapi. Akapitisha kidole pale, ndani ya tairi, taratibu. Akautoa mwiba, akauweka kwenye kiganja changu.

"Ungeweka mpya, nayo ingetobolewa leo leo," akasema.

Akaziba. Bei yake, shilingi 500.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilikuwa najenga ukuta kila wiki, ufa nimeuacha palepale.

Hoja yangu kwenu ni hii: sisi wanachuo tuna haraka ya kununua na uvivu wa kutafuta. Na kutafuta ndiyo kazi yenyewe. Mzee alinionyesha kwamba tundu husema limetokana na nini, ukijua kulisoma. Likiwa upande wa nje wa tyubu, unaogusa tairi, tafuta mwiba, msumari au kipande cha chupa. Likiwa upande wa ndani, unaogusa rimu, tatizo ni spoku iliyochomoza au ule mkanda wa rimu uliochakaa. Hapo hata ununue tyubu kumi, zote zitatoboka. Ukikuta matundu mawili madogo yaliyokaa sambamba, hujachomwa na kitu. Ulipanda upepo ukiwa mdogo, ukagonga jiwe, rimu ikaibana tyubu. Dawa yake ni pampu. Na kama vipovu havionekani popote, tia mate kwenye valvu. Kwa baiskeli zetu hizi za kubebea mizigo, mara nyingi ni kale kampira ka valvu kamechoka, na unabadilisha hako tu.

Kuziba kwenyewe kunataka subira kuliko nguvu. Kausha tyubu. Sugua kwa msasa eneo pana kuliko kiraka, mpaka ile ng'aro ya mpira iondoke. Kata kiraka kutoka tyubu kuukuu, pembe zake uzifanye mviringo ili zisinyanyuke, nacho ukisugue. Paka solusheni nyembamba pande zote mbili, halafu ngoja. Hapa ndipo wengi tunaharibu. Tunabandika ikiwa bado mbichi, kiraka kinateleza, tunasema solusheni ni mbaya. Ngoja mpaka ukigusa pembeni kwa kidole haikushiki, ndipo ubandike na kukandamiza kwa nguvu. Rudisha kwenye beseni uhakikishe.

Ujuzi huu hauishii kwenye baiskeli. Juzi shemeji yangu wa Dar alinipigia. Amewanunulia watoto lile bwawa la plastiki la kujaza upepo, la kuogelea uani, na kila asubuhi wanalikuta limelala. Alikuwa anataka kurudi dukani. Nikamwambia, shemeji, bwawa halizami kwenye beseni, basi wewe peleka beseni kwa bwawa: koroga sabuni ya unga na maji, lijaze upepo, lipake povu kwenye mishono na kuzunguka kizibo, tazama panapotoa mapovu. Likaonekana tundu kwenye mshono. Nikamwonya pia asitumie solusheni ya baiskeli, maana ile ni ya mpira na kwenye plastiki haishiki vizuri. Atafute kiraka na gundi ya plastiki laini. Watoto wanaogelea mpaka leo.

Najua yatakayosemwa kantini. Eti sisi tumekuja kutafuta digrii, kuziba pancha ni kazi ya waliofeli. Anayesema hivyo amkumbuke John Boyd Dunlop. Alikuwa daktari wa mifugo kule Belfast, tena mwenye wateja wake. Mwaka 1887 alimtengenezea mwanawe matairi ya upepo kwa ajili ya baiskeli yake ya magurudumu matatu, na mwaka 1888 akapata hataza. Mskoti mwingine, Robert William Thomson, alishasajili wazo kama hilo miaka ya 1840, ila halikuenea. Huyu msomi wa ng'ombe na farasi hakuona aibu kushika mpira na gundi. Sisi tunaotoka jasho kukariri sheria ya Boyle tunaionea aibu pampu!

Kuna pingamizi la pili, na hili nalipa uzito: tukijiziba wenyewe tutawanyima mafundi riziki. Nimelifikiria. Fundi hawezi kukosa kazi kwa sababu ya pancha zetu. Bado tutampelekea ringi zilizopinda, gololi zilizokwisha, minyororo inayoruka. Ila kama tunamjali kweli, tumpe heshima ya mwalimu. Kwenye semina zetu tunalipa posho watu wanaokuja kusoma slaidi. Fundi aliyekaa na beseni lake miaka yote hiyo anajua kitu ambacho hakimo kwenye desa la mtu yeyote hapa chuoni. Aitwe, akae mbele, alipwe posho ileile.

Kwa hiyo naiomba serikali ya wanafunzi mambo mawili, na yote hayafiki bei ya muziki wa bash moja. Kwanza, kila hosteli iwekewe pampu, beseni, msasa na solusheni, mahali penye mtu wa kuvitunza. Pili, mwanzo wa kila muhula fundi mmoja wa mtaani aalikwe Jumamosi moja awafundishe mwaka wa kwanza, kabla hawajakosa tesiti kama mimi.

Bajeti ikichelewa, sisi tusichelewe. Beseni ninalo, pampu nimenunua kwa pesa za bumu, na tyubu zangu mbili nilizodhani zimekufa nimezifufua. Moja ninaiendea darasani sasa hivi. Jumamosi hii saa nne asubuhi nitakuwa kwenye kivuli nyuma ya maktaba. Njoo na baiskeli yako. Hata kama ina upepo, njoo tupime valvu.