Shofaji ya Coccinelle: joto lisituletee kifo



Mwezi wa sita na wa saba ikifika, hakuna mtu wa kwetu anayehitaji kufundishwa baridi ni nini. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, Kolwezi inapita mita 1,400. Saa kumi na moja ya asubuhi mvuke unatoka kinywani, na kioo cha motokari kinajaa ukungu mpaka huoni barabara. Kama uko na ile Coccinelle ya Volkswagen uliyoachiwa na baba, unavuta mkono wa shofaji karibu na freni ya mkono, na hakuna kitu kinachokuja. Ao, mbaya zaidi, joto linakuja pamoja na harufu.

Ndiyo maana mwezi huu nataka tuongee juu ya shofaji hii. Usiseme ni mambo ya anasa. Ni jambo linalogusa uzima wa watoto unaowalaza kwenye kiti cha nyuma.

Joto linatoka wapi?

Motokari nyingine, sawa Peugeot 404 ao Land Rover, motere yao inapozwa na maji. Maji ya moto yanapita katika radiatere ndogo ndani, na joto linatoka pale. Radiatere ile ikitoboka, utaona maji kwenye miguu na ukungu mwingi kwenye kioo. Fundi anaweza kuunga bomba mbili pamoja na kuiruka. Utasikia baridi, basi.

Coccinelle haina maji. Motere iko nyuma na inapozwa na upepo wa vantilatere. Kwa zile za kabla ya 1963, upepo ule uliopoza motere ndio unaoingia kwako, pamoja na harufu ya mafuta. Tangu zile za 1963, sehemu ya upepo safi inapita katika masanduku mawili ya bati chini ya motere, moja kushoto, moja kulia. Mafundi wanaliita sanduku lile eshanjere. Katikati yake linapita bomba la moshi lenyewe, limezungukwa na mapezi ya alumini. Upepo unagusa mapezi, unapata joto, unapita katika lonjero chini ya milango, unafika miguuni na kwenye kioo.

Sasa umeelewa: kati ya moshi wa motere na pumzi ya mtoto wako kuna ukuta mmoja tu wa chuma. Chuma kile kikiliwa na kutu, moshi unaingia ndani.

Gazi isiyo na harufu

Katika moshi wa motere ya karbiratere kuna monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Ni gazi ile ile ya mbabula inayoua watu waliofunga dirisha na kulala na makala ya moto ndani ya nyumba. Wanaofanya kazi chini ya ardhi wanaijua pia, juu iko katika moshi wa baruti, na ndiyo sababu moja watu hawarudi pale mwamba ulipopasuliwa mpaka hewa isafishwe. Gazi hii inashikana na damu kwa nguvu inayopita ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inaendelea kuzunguka, lakini haibebi tena oksijeni ya kutosha.

Alama zake ni kichwa kuluma, kizunguzungu, kutapika, usingizi mzito. Hapa ndipo watu wanadanganyika. Mtoto anasema, "Papa, kichwa kinaniluma," mzazi anajibu, "Ni malaria, tutanunua dawa tukifika." Lakini angalia: kama watu wawili ao watatu katika motokari moja wanaumwa kichwa kwa saa moja, na wanapata nafuu wakishuka, usifikiri malaria peke yake. Simamisha motokari, zima motere, toa watu wote inje kwenye hewa, na wapeleke hospitali kwa motokari nyingine. Ukifika, mwambie muganga juu ya moshi ule, asije akatafuta malaria tu. Na mtoto aliyelala usiseme "amechoka na safari", mwamshe kwanza.

Kupima mbele ya kununua

Usikimbilie kutafuta piese. Jua kwanza ni nini kimekufa. Fanya kazi hii motere ikiwa imepoa.

Ya kwanza, harufu. Si kila harufu ni moshi. Mara nyingi ni mafuta ya motere yanayovuja kwenye vifuniko vya klape na kudondoka juu ya eshanjere, yanaungua pale. Badilisha pete za kuziba za vifuniko, safisha, kisha jaribu tena. Lakini usimalizie hapo na kusema umepona. Gazi yenyewe haina harufu, kwa hiyo harufu ikiisha bado hujajua kitu.

Ya pili, bati la inje la eshanjere. Likitoboka, joto linapotea njiani. Fundi wa kuchomelea anaweza kuliziba kwa bati jipya, kama bomba la ndani ni zima.

Ya tatu, bomba la ndani, na hapa ndipo hatari. Huwezi kuliona, limefichwa na mapezi. Toa eshanjere, ziba upande mmoja wa bomba lile, zamisha yote katika beseni ya maji, kisha pampu hewa kupitia upande wa pili. Vipovu vikitoka, eshanjere ile imekufa. Fundi atakuambia, "Patron, haina mambo, tutaweka paka ka bati kadogo." Kataa. Huwezi kufikia tundu la ndani pasipo kuvunja mapezi, na kiraka cha inje kinafungia moshi ndani ya upepo unaokuja kwako.

Ya ine, maungo. Eshanjere inaungana na motere mbele na sanduku la kelele nyuma. Kila ukifungua, weka pete mpya pale. Pete ya zamani iliyokwisha kubanwa haizibi tena vizuri. Angalia pia mipira inayozunguka chumba cha motere. Ikikatika, hewa chafu ya chini inapanda kwenye vantilatere na kusukumwa mpaka kwako.

Kinachoweza kutengenezwa hapa kwetu

Piese nyingine hazihitaji kutoka mbali. Kable ya kufungua klape ya joto ikikatika, waya mgumu wa kipimo kile unaweza kupita katika mrija wake. Kile kifungio kidogo kinachobana kable kwenye klape, fundi wa kuchonga chuma anaweza kukichonga kwa shaba. Klape iliyogandishwa na kutu, ilegeze polepole kwa mafuta, usiipige nyundo. Mirija miwili inayotoka vantilatere mpaka eshanjere ni ya karatasi na alumini, inapasuka upesi. Weka mrija unaovumilia moto, si mpira wa kumwagilia bustani.

Lonjero ni kazi nyingine. Joto linapita pale, lakini pia ndizo zinazoshika mwili wa motokari. Ukizikata pasipo kuweka kwanza vyuma vya kutegemeza mwili, milango haitafunga tena sawasawa.

Eshanjere yenyewe usijaribu kuitengeneza kwa kubahatisha. Tafuta ya kweli. Coccinelle zilitoka kiwanda cha Uitenhage, Afrika ya Kusini, tangu 1951 mpaka 1979. Ujerumani waliacha kuzitengeneza mwaka wa 1978, Brazil waliacha 1986 na wakarudia tena 1993 mpaka 1996, Mexico walimaliza mwaka wa 2003. Kwa hiyo piese ziko bado duniani, na wafanyabiashara wetu wanaopita Kasumbalesa kwenda kusini wanaweza kukuulizia. Lakini usiwaambie "Coccinelle" tu. Andika kwenye karatasi mwaka wa motokari, ukubwa wa motere, 1200, 1300, 1500 ao 1600, na upande unaotaka, juu ya kushoto haiingii kulia. Chora kama unaweza. Makosa ya karatasi moja yanakula franga za safari nzima.

Ukipata ya mtumba, ipime katika maji mbele ya kulipa. Ukipata mpya, angalia ndani: zingine za bei ndogo ziko na mapezi machache, zinaingia vizuri lakini hazileti joto. Nzito yenye mapezi mengi ndiyo inayofaa.

Na kama hupati?

Hapa, baba wa jamaa, ndipo roho inapimwa. Piese hakuna, franga hakuna, na motokari ni ya marehemu baba. Usidanganyike na wazo la kushusha mkono wa shofaji na kuendelea. Klape za zamani hazifungi kabisa. Wala kufungua kioo kidogo si dawa.

Iko njia ya kweli. Toa eshanjere zote mbili, weka mabomba ya moshi ya kawaida yasiyo na sanduku, ambayo fundi mzuri anaweza kuyakunja. Kisha ziba matundu mawili ya vantilatere yaliyokuwa yanalisha eshanjere, ili upepo wa kupoza motere usipotee, na ziba vizuri mahali joto lilipokuwa linaingia katika mwili. Motokari itatembea salama, lakini pasipo joto. Weka eshanjere za baba katika gunia, siku moja utapata zingine kama mfano.

Halafu wape watoto blanketi. Futa kioo kwa kitambaa, ngoja jua lipande kidogo mbele ya kuondoka. Jirani atacheka akiona jamaa nzima imejifunga sawa watu wa safari ya usiku. Mwache acheke. Watoto watafika na baridi miguuni, na watashuka wenyewe.