Nzilo si ya wenye magari peke yao

Kiangazi kikifika, Kolwezi wanaanza kupanga matembezi ya Ziwa Nzilo. Wenye jeep wanajaza mafuta, wananunua makala na nyama, wanaondoka. Watoto wa familia zilizohamishwa Kasulo mwaka 2017 hawamo katika hesabu.

Ukisema nao wapelekwe, unajibiwa: hao wanatafuta bukari, si matembezi. Jibu hilo ni dharau. Mama anayetafuta unga hakusema mtoto wake asione ziwa.

Tangu kobalti ionekane chini ya nyumba mwaka 2014, mtoto wa Kasulo anaijua ardhi kwa mashimo, magunia na ukuta. Na ziwa lenyewe lilitokana na migodi: Lualaba ilizibwa pale Nzilo, bwawa likakamilika mwaka 1952, ili migodi ipate umeme. Shaba ilipata ziwa lake. Waliohamishwa kwa ajili ya kobalti wanakosaje hata siku moja ya kukaa kando ya maji?

Shule, parokia na makampuni yanayopenda kupigwa picha na watoto wapange basi, maji ya kunywa, watu wazima wanaojua kuogelea, na mitumbwi isiyojazwa kupita kiasi. Orodha ya majina ianze na waliohamishwa. Wengine wafuate.