Je, Mashine ya Uwanja wa Ndege Hufuta Picha za Simu?



Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, imehifadhi wakimbizi wa Kongo tangu 1996. Ya Nduta, Kibondo, ilifunguliwa upya 2015 kwa ajili ya Warundi. Anayetoka huko kwenda kuishi nchi nyingine hubeba mzigo mdogo, na picha za jamaa aliowaacha huenda zimo katika simu tu. Kwake yeye, kama kwa hujaji wetu wa Unguja au Pemba, swali ni moja: mashine ya ukaguzi itazifuta?

Jawabu ni hapana. Mionzi ile haifuti simu, kompyuta, flashi wala kadi ya kumbukumbu. Inayoweza kudhurika ni filamu ya kamera ambayo haijasafishwa.

Hatari ya kweli ni kupotea na kuibiwa. Kwa hiyo tunanasihi: kabla ya safari, mwachie jamaa mwaminifu nakala ya picha na vyeti. Pawabenki ikae mkobani mwako. Hairuhusiwi katika mizigo ya chini ya ndege, kwani betri yake yaweza kuwaka moto.

Ukaguzi wa uhamiaji ni jambo jingine. Maofisa wa mpakani Marekani wana mamlaka ya kupekua simu ya anayeingia. Picha za wake na mabinti zetu bila hijabu ni amana, zisisafiri nasi.

Tuchukue sababu, kisha tumtegemee Allah. Wallahu a'lam.