Kisanduku kimoja hakitoshi, jamani!

Wenzangu tunaoandika programu za hospitali, leo tutakosana kidogo. Fomu nyingi nilizoziona za kumwandaa mgonjwa kwa upasuaji zina kisanduku kimoja: "Anatumia dawa za kuzuia damu kuganda? Ndiyo/Hapana." Ukitia tiki kwenye Ndiyo, SMS inatoka yenyewe: acha dawa siku 5 kabla. Basi. Mteja amefurahi, sisi tumelipwa.

Hizo siku 5 zimetoka wapi? Ni za warfarini, ambayo nguvu yake hukawia kuisha mwilini, na hata hivyo kipimo cha INR hufanywa kabla ya kisu. Apiksabani na rivaroksabani ni habari nyingine: kwa kawaida husimamishwa siku 1 kabla, au 2 ikiwa upasuaji ni wa kutoka damu nyingi. Dabigatrani hutegemea figo; zikiwa dhaifu, siku huongezwa. Na anayeng'olewa jino moja mara nyingi haachi warfarini kabisa. Ukimsimamishia bure, umemwachia kiharusi mlango wazi.

Kuna na wale wanaotaka programu iagize sindano za heparini kwa kila mtu ili kuziba pengo. Utafiti wa BRIDGE wa 2015 ulifuata wagonjwa 1,884 wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Waliodungwa, asilimia 3.2 walitokwa na damu vibaya. Wasiodungwa, asilimia 1.3. Mabonge ya damu? 0.3 kwa 0.4, karibu sawa. Lakini usikimbilie kufuta sindano zote: wenye vali bandia za chuma hawakuwamo katika utafiti huo, na hapa kwetu wapo, wengine vijana ambao mioyo yao iliharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni.

Najua jibu lenu: "Hiyo ni kazi ya daktari." Kweli, uamuzi ni wake. Lakini anaamua kwa kile anachokiona kwenye skrini, na skrini tumeichora sisi.

Kwa hivyo hifadhidata iwe na nafasi ya jina la dawa, sababu ya kuitumia, tarehe na saa ya dozi ya mwisho, hali ya figo, aina ya upasuaji, na jina la aliyeamua. Zaidi ya yote, iwe na tarehe ya kurudia dawa! Kusimamisha bila kupanga kurudisha ni sawa na kufungua faili usiifunge, ila hapa kinachoharibika ni mtu aliyekwisha kwenda nyumbani akidhani amepona.

SMS ya siku 5 ifutwe. Itoke baada ya daktari kuamua, ikitaja dawa na tarehe. Na wewe mgonjwa, usiache dawa kwa kuambiwa na mashine. Muulize daktari anayekupasua.

Anayekitetea kile kisanduku ajitokeze, nipo.