MASTAA MNALIA KUIBIWA NYIMBO, HUKU STUDIO ZENU ZIMEJAA PROGRAMU ZA KREKI!

Kuna msanii mmoja mjini, jina kapuni, ambaye kila akitoa ngoma mpya lazima aingie laivu kulia. Kilio ni kile kile: wimbo umevuja, wahuni wameushusha bure, umesambaa kwenye flashi za bajaji na daladala, wenye vibanda vya kuchoma nyimbo wanakula jasho lake. Mashabiki wanamwonea huruma, na wana haki. Kuiba kazi ya mtu ni wizi, hakuna jina lingine la kuuremba.

Kasheshe inaanza ukiuliza hiyo ngoma yenyewe ilitengenezwa na nini. Biti limepikwa kwenye FL Studio ya kreki. Sauti zimechanganywa kwa plagini za kreki. Kava limetoka kwenye Photoshop ya kreki, video imeunganishwa kwenye Premiere ya kreki, na kompyuta yenyewe inatumia Windows iliyofunguliwa kwa ufunguo wa kuokota. Kazi nzima imesimama juu ya mali ya watu, halafu mwenye kazi anataka wanaomwibia wakamatwe. Nyani haoni kundule, wahenga walishamaliza.

Na asije mtu akasema programu siyo sawa na wimbo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, Namba 7 ya mwaka 1999, ambayo mastaa wanaikimbilia wakibanwa, inalinda programu za kompyuta pamoja na vitabu na muziki. Ngao ni moja. Huwezi kuishika upande wako tu.

Wafalme wa kava nao wamo

Tukitoka studio twende kwa madizaina. Yupo mkongwe mmoja wa mabango, mtu wa hela ndefu, kava zake zimepamba nyimbo kibao za Bongo Fleva. Huyu bwana ana tabia moja mbaya: kazi yake ni kuwacheka madogo. Dogo akiposti bango alilotengeneza kwenye Canva au GIMP, mkongwe anatupa vikatuni vya kucheka, anaandika kwamba hao siyo madizaina, ni watoto wa templeti. Dizaina wa kweli, kwa mujibu wake, anatumia Adobe.

Sawa kaka. Ila hiyo Adobe umeilipia lini?

Adobe iliacha kuuza programu zake mpya kwa malipo ya mara moja mwaka 2013, ikahamia kwenye kulipia kila mwezi. Mtu anayejisifu kwamba yuko nayo miaka kumi na hajawahi kukatwa hata senti, anajisifu kuwa mwizi wa miaka kumi. Dogo mwenye GIMP yuko safi. Mkongwe ndiye mwenye kesi ya kujibu, lakini ndiye anayecheka kwa sauti.

Maofisi nayo yasijifiche hapo nyuma. Tangazo la kazi linataka kijana "mjuzi wa Photoshop, Illustrator, Premiere na After Effects, aje na laptopu yake." Leseni haitajwi popote. Bosi anajua fika kwamba kwa mshahara anaotoa kijana hawezi kulipia hizo programu nne, kwa hiyo kinachotafutwa hapo ni mtu wa kuiba kwa niaba ya kampuni. Siku mambo yakiharibika, laptopu ni ya kijana, kreki ni ya kijana, na msala ni wa kijana.

"Zima antivairasi kwanza"

Wapo wanaosema haya mambo ya haki yaachiwe Wazungu, Adobe ni matajiri, hawatakufa njaa. Haya, tuache haki pembeni. Tuongelee usalama wa mtu mwenyewe.

Kila aliyewahi kukreki programu anaijua sentensi ya kwanza kwenye maelekezo: zima antivairasi kwanza, usipozima haitafanya kazi. Soma tena taratibu. Mtu usiyemjua anakwambia umfukuze mlinzi, ufungue geti, halafu umwingize sebuleni. Na wewe unafanya hivyo, unamkabidhi mpaka ruhusa ya msimamizi wa kompyuta. Angekuwa binadamu mlangoni ungemwitia mwizi.

Ndani ya hizo kreki kuna nini? Mara nyingine hakuna kitu. Mara nyingine kuna STOP, kirusi cha kufunga mafaili ambacho kimesambaa miaka mingi kwa njia hii hii ya kreki na programu za kuzalisha namba za siri. Unaamka asubuhi picha za harusi ya mteja zote zimebadilika majina, hazifunguki, na kuna kibarua kinakudai dola ndiyo ufunguliwe.

Mara nyingine kuna Lumma. Hiki hakifungi chochote wala hakipigi kelele, kinakomba tu manenosiri na taarifa za kadi zilizohifadhiwa kwenye brauza. Mei 2025 Microsoft, wakishirikiana na vyombo vya sheria vya Marekani na Ulaya, waliuvunja mtandao wake, na walisema wamebaini kompyuta zaidi ya 394,000 za Windows zilizoambukizwa duniani ndani ya miezi miwili tu. Programu za kreki ni moja ya njia zilizotumika kukisambaza.

Mbaya zaidi ni hii. Virusi vya aina hiyo vinaiba pia vidakuzi vya brauza, yaani vile vikumbukumbu vinavyofanya usiulizwe nenosiri kila ukifungua YouTube. Mwizi akishavipata, kwa mtandao yeye ni wewe uliyekwisha kuingia. Neno la siri gumu halisaidii, na namba ya uthibitisho inayokuja kwenye simu inaweza isiulizwe kabisa. Ndiyo maana kuna mchekeshaji mmoja chaneli yake iliamka inauza sarafu za mtandaoni kwa Kiingereza, yeye akabaki anamlaumu meneja. Meneja masikini hakuhusika. Aliyehusika ni mhariri wake wa video, aliyeshusha plagini ya bure usiku wa manane ili amalize kipande cha sekunde thelathini.

Hapo ndipo lile neno "mimi siibiwi, sina kitu" linapokufa. Dizaina asiye na kitu ana akaunti za wateja, ana kazi ambazo hazijatoka, ana nyimbo ambazo hazijaachiwa. Msanii anayelia wimbo wake umevuja aanze kuchunguza kompyuta ya studio kabla ya kuwatukana mashabiki.

Kisingizio cha bei kimekwisha

Kwa miaka mingi kulikuwa na utetezi mmoja wenye mashiko: programu ni ghali, zinalipiwa kwa dola, zinataka kadi ya benki, na kijana wa Mbagala au Mwanza atatoa wapi? Utetezi huo ulikuwa na ukweli. Wala Adobe siyo malaika. Juni 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliwashtaki mahakamani kwa madai ya kuwaficha wateja ada ya kuvunja mkataba mapema. Kuwachukia ruksa. Lakini ukimchukia mwenye duka, dawa ni kuhama duka, siyo kuruka ukuta usiku.

Na siku hizi pa kuhamia papo.

Tarehe 30 Oktoba 2025, Affinity ilitolewa bure. Hii ni programu ya Serif ya Uingereza iliyonunuliwa na Canva mwaka 2024, nayo inabeba kazi tatu sehemu moja: kuhariri picha, kuchora vekta, na kupanga kurasa za vitabu na majarida. Inafungua mafaili ya PSD, inatoa PDF ya CMYK ambayo mchapaji anaitaka. Unahitaji tu akaunti ya bure ya Canva, na kinacholipiwa ni vile vikolombwezo vya akili bandia. Mkongwe aliyekuwa anacheka watoto wa Canva, sasa Canva ndiyo inayogawa silaha nzito bure. Maisha haya!

Video? DaVinci Resolve ya Blackmagic Design ya Australia ina toleo la bure lisilobandika nembo juu ya kazi yako, na urekebishaji wake wa rangi unatumika kwenye filamu kubwa duniani. Ukitaka toleo kamili la Studio, bei iliyozoeleka ni dola 295 mara moja, basi.

Katuni na 3D? Blender. Mwaka 2002 wapenzi wake walichanga euro 100,000 kwa wiki saba ili iwe programu huria, na imebaki bure mpaka leo. Machi 2025 filamu ya *Flow* ya Mlatvia Gints Zilbalodis ilishinda Oscar ya katuni bora, na imetengenezwa kwa Blender. Watu wamechukua Oscar kwa programu ya bure, wewe unasema bila kreki huwezi kutengeneza tangazo la supu ya pweza.

Kuchora kwa mkono kuna Krita. Vekta kuna Inkscape. GIMP nayo ilitoa toleo la 3.0 Machi 2025, na sasa unaweza kurekebisha picha kwa fileta bila kuiharibu ile ya asili. Huna hata nafasi kwenye kompyuta? Photopea inafunguka ndani ya brauza na inasoma PSD hapo hapo.

Maprodyuza nao wasikimbie. FL Studio ukiinunua mara moja unapata matoleo yote yajayo bure maisha yako yote. Ni sera ya Image-Line ya Ubelgiji tangu zamani. Hata ile ya majaribio inakuruhusu kutengeneza na kutoa wimbo, kinachogoma ni kufungua tena projekti uliyohifadhi mpaka ulipie. Reaper inauza leseni ya dola 60 kwa mtu mwenye kipato kidogo, baada ya siku 60 za kujaribu. Prodyuza anayechaji laki kadhaa kwa biti moja anashindwaje dola 60? Hela ya raba mpya ipo, ya kifaa cha kazi haipo?

Siyo kwamba hakuna maumivu

Kuhama kunauma, tusidanganyane. Vidole vilivyozoea njia za mkato za Photoshop vitatukana wiki mbili za mwanzo. DaVinci kwenye laptopu ya RAM 4 inakwama kama daladala kwenye tope la Jangwani. Mwenye mashine ya hivyo ajaribu Shotcut au Kdenlive, nazo ni bure. Wakala mkubwa akidai faili halisi la After Effects, hapo Adobe haina mbadala wa moja kwa moja. Basi lipia mwezi huo, na hiyo gharama iingie kwenye bei ya mteja kama inavyoingia nauli.

Halafu bure siyo zote sawa. Blender, Krita, GIMP na Inkscape ni programu huria, hakuna kampuni inayoweza kuamka kesho ikafunga bomba. Affinity na DaVinci ni za wenyewe. Leo wamefungua, kesho wanaweza kubadilisha masharti. Mjanja anatumia zote, lakini kazi zake anazihifadhi pia kwenye PDF, SVG, PNG na WAV, ili siku ya kuhama tena asiachwe uchi.

Cha kusikitisha ni kwamba wanaoumia zaidi siyo wakongwe. Ni yule binti wa chuo aliyelipa elfu kadhaa kwenye stesheneri ili "aingiziwe Adobe", akaingiziwa na wezi. Ni dogo wa mkoani aliyeacha kujifunza kwa sababu staa wake alisema bila Photoshop wewe siyo dizaina. Fundi wa stesheneri kachukua hela ya programu isiyo yake, staa kachukua sifa za programu asiyoilipia, na dogo kaondoka na kirusi na aibu.

Mkubwa akisema hadharani "hili kava nimelitengeneza kwa programu ya bure," madogo elfu wataamka kesho wakiwa huru. Haigharimu hata bando. Kinachohitajika ni kumeza mate na kuacha kujidai. Na nyie mastaa mnaoingia laivu na machozi, kabla ya kubonyeza kitufe geukeni kwanza muitazame kompyuta ya prodyuza iliyowashwa nyuma yenu. Mkishajua leseni yake iko kwa jina la nani, ndipo mlie.

Haya wadau, kompyuta yako ni safi au imejaa mizigo ya watu? Tiririka hapo chini, matusi hapana.