Mechi za Kirafiki

Nimechoka na mechi za kirafiki kati ya polisi na vijana wa mtaa. Maafande wanavaa jezi, mtu wa shirika anapiga picha, kisha mgeni wa heshima anatoa kombe na hotuba ya "kurejesha uhusiano mwema". Kurejesha? Kinachorejeshwa ni kile kilichowahi kuwepo.

Nairobi haijawahi kuwa na enzi hiyo. Tangu miaka ya 1920 polisi wa mji huu walikuwa wakimsimamisha Mwafrika na kumdai kipande. Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, wanajeshi wa Uingereza pamoja na polisi waliuzingira mji, wakapekua makazi ya Waafrika na kuwapeleka kizuizini maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru. Katiba ya 2010 ilikusudia kuukata mzizi huo: Kifungu cha 244 kinawataka polisi wajenge uhusiano na jamii. Hata jina likabadilishwa, jeshi likawa huduma. Jina ni jambo rahisi kubadilisha.

Wapenda mechi wanaamini kwamba tatizo ni hisia. Kwenye semina zetu za uzamili linaitwa "pengo la imani", na wote tunaandika. Lakini mimi nimelelewa Huruma, na kule imani ni hesabu tu. Kijana wa bodaboda anajua kwamba akikamatwa Ijumaa jioni, sheria yenyewe inaruhusu alale ndani hadi korti ifunguliwe Jumatatu. Kwa hiyo anatoa kitu kidogo papo hapo. Amepiga hesabu sawasawa. Jirani anayemjua mwizi wa simu naye ananyamaza kwa kuwa hajui jina lake litafika wapi akishalitaja kituoni. Nyumba Kumi ilipozinduliwa mwaka 2013, wakazi waliombwa kuwapa polisi habari. Kuwauliza polisi maswali hakukuwa sehemu ya mpango.

Sasa fikiria umepigwa na afisa. Unatakiwa uandikishe malalamiko kituoni, upate nambari ya OB, upewe fomu ya P3, daktari aijaze, uirudishe kwa polisi. Ni wenzake wa aliyekupiga watakaoipokea. Mdogo wangu alipigwa rungu mbavuni mwaka jana. Kituoni, ambako sitakutaja, aliambiwa fomu zimeisha, arudi kesho. Alirudi mara tatu. Siku ya nne alikwenda kazini, na kwenye takwimu za mtu yeyote mbavu zile hazimo.

Najua kuna IPOA, mamlaka ya kiraia iliyoundwa kwa sheria ya 2011, na imewahi kuwafikisha maafisa kortini. Usiku wa 30 Machi 2020, siku chache baada ya kafyu kuanza, mvulana wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa roshani kwao Kiamaiko. Afisa alishtakiwa miezi michache baadaye. Kesi hiyo ilishika vichwa vya habari kwa sababu marehemu alikuwa mtoto na alikuwa nyumbani. Angekuwa na miaka 19 na yuko kichochoroni, tungeambiwa ni jambazi, na wengi wetu, pamoja na wewe msomaji, tungeendelea na chai yetu.

Nitaambiwa afisa naye ni maskini, analala na familia yake kwenye chumba kilichogawanywa kwa pazia. Ni kweli, na inauma. Lakini deni hilo ni la serikali. Halilipwi kwa mia mbili za kijana wa bodaboda.

Kwa hiyo sitaki urafiki. Nataka jina na nambari kifuani, zisomeke hata usiku, hata kwa anayevaa kiraia anapomkamata mtu. Nataka afisa anayechunguzwa kwa mauaji avuliwe bunduki, asihamishiwe mtaa mwingine wa mabanda kuanza upya na watu wasiomjua. Nataka malalamiko dhidi ya polisi yapokelewe hospitalini, mahali ambapo mtu tayari amefika akivuja damu, na P3 itolewe pale pale. Pesa zikikosekana, za jezi zipo: zinunue mashine ya kunakili na karatasi za kutosha, tuone kama fomu zitaisha tena.